Jalila Atafuta Kupendwa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati ya Jomvu Kuu, Jalila alikuwa amekwisha kufagia ua, kujaza maji kwenye pipa na kuchemsha chai ya tangawizi. Aliyafanya haya yote bila kuambiwa. Halafu alikwenda kusimama mlangoni mwa chumba cha nyanya yake, Bi Barke, akamwamkia kwa sauti nyororo.

"Shikamoo Nyanya. Chai iko tayari. Mashallah, leo umeamka unang'aa kama mwezi."

"Marahaba," alijibu Bi Barke bila kuinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona. "Weka hapo."

Ilikuwa hivyo kila siku. Jalila alisifu na Bi Barke akasema weka hapo. Msichana alivaa sare yake, akachukua mkoba na kushika njia ya shule, akijiuliza ni neno gani jema zaidi atakalosema kesho.

Jalila alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa Gredi ya Sita. Mpaka mwezi wa Januari alikuwa akiishi Junda, upande wa Kisauni, pamoja na mama yake, Kahaso. Baba yake, Mansur, alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Barke. Alifariki Jalila akiwa na miaka miwili. Baada ya msiba Kahaso alirudi kwa jamaa zake, na Bi Barke akabaki Jomvu na kofia zake. Hawakugombana hata siku moja, ila hawakutembeleana pia. Miaka ikapita.

Mwaka huu Kahaso alipata kazi ya upishi katika shule moja ya bweni huko Voi. Alipewa kitanda katika chumba cha wapishi wanne, na watoto hawakuruhusiwa. Hakuwa na wa kumwachia Jalila. Alijikaza, akampigia simu mkwewe.

"Mlete," Bi Barke alisema. "Tutaona, mpaka muhula uishe."

Jalila aliyasikia maneno hayo kwa sababu simu ilikuwa imewekwa kwenye kipaza sauti. Tutaona. Alijua kwamba nyanya yake asipopendezwa naye, muhula ukiisha atapelekwa kwa mtu mwingine wa mbali, huenda hata asiyemjua kabisa. Ndipo akaamua kwamba nyanya yake ataona mazuri tu.

Basi siku Bi Barke alipopika mchuzi wa papa ukazidi chumvi, Jalila alilamba vidole na kuomba aongezwe. Bi Barke alipomuuliza kama godoro lake lilikuwa zuri, alisema hajapata kulala pazuri hivyo, ingawa godoro lilikuwa limebonyea katikati na mgongo ulimuuma. Na siku nyanya yake alipomuuliza, "Kiingereza wakijua?" Jalila hakusita hata kidogo.

"Nakijua sana, Nyanya. Darasani mimi ndiye wa kwanza."

Haikuwa kweli. Katika Kiingereza Jalila alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwisho. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Bi Barke aliinua macho kutoka kwenye kofia yake akamtazama vizuri. Jioni Jalila alimsikia akimwambia jirani yao, Gladys, juu ya ua wa makuti, "Mjukuu wangu asoma Kizungu kama maji." Moyo wa Jalila ulijaa furaha. Kisha ukaingia baridi kidogo, kwa maana sasa uongo ule ulikuwa umekwisha kutoka nyumbani.

Jumatano moja mwalimu wa Kiingereza, Mwalimu Oduor, aliingia darasani akaandika neno moja ubaoni kwa herufi kubwa: "endear". Mwalimu Oduor alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Kisumu, na alipenda kufundisha neno moja kwa siku, lakini alifundishe mpaka liishe.

"Nani anajua maana yake?"

"Ni kujipendekeza, mwalimu!" alisema Munga kutoka nyuma, na darasa zima likacheka.

Mwalimu Oduor naye alicheka. "Umefika mtaa wenyewe, Munga, lakini umebisha nyumba ya jirani. Anayejipendekeza anahangaika ili apendwe. Neno hili linasema juu ya kile kinachomfanya mtu apendwe. Mara nyingi mwenyewe hata hana habari."

Akawaeleza kwamba neno hilo huhitaji vitu vitatu. Kwanza kuwe na jambo, kama upole au ucheshi. Pili kuwe na mtu mwenye jambo hilo. Tatu kuwe na yule anayempenda kwa ajili ya jambo hilo, na kabla ya kumtaja huyo wa tatu lazima liwekwe neno dogo "to". Ukilisahau hilo dogo, alisema, sentensi yote inaanguka. Alitoa mfano wa Hanan, aliyekaa dawati moja na Jalila: upole wa Hanan umemfanya apendwe na wenzake. Aliuandika kwa Kiingereza, na Hanan akaficha uso nyuma ya kitabu.

"Sasa kila mmoja aandike sentensi yake."

Jalila aliandika haraka: "I endear my grandmother every day." Mwalimu Oduor alipofika kwenye dawati lake alisimama, akasoma mara mbili.

"Hapa unasema unamfanya nyanya yako apendwe, kila siku. Apendwe na nani?"

"La, mwalimu. Nataka kusema nafanya bidii kila siku ili anipende mimi."

"Unafanya bidii gani?"

"Namsifu. Kila anachofanya namwambia ni kizuri."

"Na anakupenda?"

Jalila aliinamisha kichwa. Hanan alijifanya anachonga penseli.

"Sikiliza, Jalila," mwalimu alisema kwa sauti ya chini ili darasa lisisikie. "Hiyo ni bidii, wala sikulaumu. Lakini neno hili haliendi kwa bidii ya namna hiyo. Sitaiweka alama sentensi yako leo. Siku utakapopata ya kweli, niletee."

Siku iliyofuata, Alhamisi, Jalila alirudi nyumbani alasiri akamkuta Bi Barke ameketi barazani, miguu ameiweka juu ya kigoda. Kwa wiki kadhaa miguu ile ilikuwa ikivimba. Daktari wa zahanati alikuwa amempima na kumwandikia dawa ya kupunguza maji mwilini, lakini zahanati haikuwa nayo siku ile. Gladys, ambaye huenda Mikindani mara kwa mara kununua vitambaa vya ushonaji wake, alijitolea kuipitia kwenye duka la dawa.

Gladys alifika akiwa na haraka. "Hii hapa dawa yako, Bi Barke. Maelezo yameandikwa kwenye bahasha. Mimi nakimbia, nimeacha maharagwe jikoni." Akaenda zake.

Bi Barke aliigeuza bahasha ile ya khaki huku na huku. Yeye alisoma Kurani tangu utotoni, na barua za marehemu mumewe alizisoma kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za shule hakuzijua.

"Jalila!"

"Abee, Nyanya."

"Njoo mwanangu, nisomee. Yasemaje?"

Bi Barke hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Jalila aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Maneno yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya buluu: "Take one tablet every other day." Alijua kwamba "one" ni moja. Alijua "every" ni kila, na "day" ni siku. "Other" alijua ni nyingine. Lakini maneno yale yakikaa pamoja yalimaanisha nini? Kila nyingine siku? Aliyasoma tena. Nyumba ya Gladys ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Angeweza kusema, "Ngoja Nyanya, niende nikamuulize Gladys." Lakini Bi Barke alikuwa akimtazama kwa uso uliotulia, uso wa mtu anayejivunia mjukuu wake.

"Yasema kimoja kila siku, halafu na kingine tena," Jalila alisema. "Yaani asubuhi kimoja na jioni kimoja."

"Una hakika?"

"Wallahi, Nyanya."

Kiapo kilimtoka kabla hajafikiri. Bi Barke alitikisa kichwa kukubali, akaomba maji, akameza kidonge cha kwanza jioni ile ile.

Siku mbili za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Miguu ya Bi Barke ilipungua mpaka mifupa ya vifundo ikaonekana. Jumamosi alimpapasa Jalila kichwani akasema, "Dawa yafanya kazi, alhamdulillahi." Jalila alilala akitabasamu. Lakini Jumapili Bi Barke alikuwa na kiu isiyokwisha, na midomo yake ilikauka. Jumatatu alilalamika kwamba misuli ya miguu yamkaza. Jumanne asubuhi sindano ya kofia ilimponyoka vidoleni mara tatu, na chai hakuimaliza.

"Wajisikiaje, Nyanya?"

"Kizunguzungu kidogo. Ni joto hili. Nenda shule, usichelewe."

Jalila alikwenda, lakini moyo wake ulibaki nyumbani.

Kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana kilikuwa cha Mwalimu Oduor. Alipokuwa akifunga vitabu vyake alitangaza kwamba chama cha kusoma kitaanza wiki ile, nacho kitakutana "every other Friday".

Jalila aliinua kichwa ghafla.

"Kila Ijumaa, mwalimu?" aliuliza Munga.

"Hapana. Ijumaa hii tunakutana, ijayo hatukutani, inayofuata tunakutana. Moja ndiyo, moja inarukwa."

Penseli ya Jalila ilianguka chini, na hakuiokota. Kidonge kimoja siku moja, na siku ya pili hakuna. Hivyo ndivyo bahasha ilivyosema. Naye alikuwa amemwambia nyanya yake ameze viwili kwa siku. Alianza kuhesabu kwa vidole chini ya dawati: Alhamisi jioni kimoja, Ijumaa viwili, Jumamosi viwili...

"Una nini?" Hanan alinong'ona. "Umekuwa kama uliyeona jini."

"Nimemdhuru nyanya yangu," Jalila alisema. Kengele ikalia, naye akatoka mbio.

Njia yote alikimbia akitafuta maneno. Jambo moja lilimjia: angeweza kumwambia Nyanya kwamba mwenye duka la dawa ametuma ujumbe, kwamba mpango wa dawa umebadilishwa. Hivyo Nyanya angeacha kumeza vidonge vile na hakuna ambaye angejua. Bahasha angeitia jikoni ikaungua. Wazo lile lilimtuliza kwa hatua chache. Halafu alipopita msikitini alikumbuka kiapo chake, akazidisha mbio.

Alipofika alikuta mlango wazi. Bi Barke alikuwa amelala sakafuni karibu na pipa la maji, macho nusu wazi, na Gladys amepiga magoti akimpepea kwa kanga.

"Afadhali umekuja!" Gladys alisema. "Nilisikia kishindo nikaja mbio. Alisimama achote maji, akaanguka. Tuktuk inakuja. Chukua dawa zake zote, twende zahanati."

Jalila alizichukua. Bahasha ya khaki aliishika mkononi, na jiko la mkaa lilikuwa mbele yake, bado lina moto. Aliitazama mara moja tu. Kisha akaitia mfukoni mwa sare na kukimbilia nje.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Ngala, mtu mtulivu mwenye miwani. Alimpima Bi Barke presha, akapima tena kwa mkono wa pili, uso wake ukakunjamana.

"Presha iko chini sana. Bibi, wanisikia? Dawa niliyokuandikia wainywa vipi?"

"Kama ilivyoandikwa," Bi Barke alijibu kwa sauti nyembamba. "Mjukuu wangu alinisomea. Yeye ni hodari."

Daktari Ngala aligeuka kwa Gladys. "Kama anainywa sawasawa, basi tatizo liko kwingine. Huenda ni moyo. Sitaki kubahatisha. Nitaandika barua, apelekwe hospitali kubwa mjini wakampime huko. Mtafutieni gari, maana kukaa kwenye tuktuk mwendo huo hataweza."

Alivuta karatasi akaanza kuandika. Gladys alitoa simu. Jalila alisimama kando ya kitanda, mkono mfukoni, vidole vikigusa bahasha. Nyanya yake alikuwa amefumba macho. Alikuwa amemwita hodari mbele ya watu. Akisema sasa, neno lile halitasemwa tena, labda asubuhi ya kesho atafungiwa nguo zake. Asiposema, watamzungusha mjini wakitafuta ugonjwa usiokuwepo.

"Daktari," alisema. "Daktari, si kweli."

Daktari aliacha kuandika. "Nini si kweli?"

"Mimi si hodari. Kiingereza sikijui vizuri. Nilimsomea vibaya." Machozi yalianza kumtiririka, lakini hakunyamaza. "Nilimwambia anywe asubuhi na jioni. Kila siku. Sikujua maana yake, na sikutaka kusema sijui."

Aliitoa bahasha akampa. Daktari Ngala alimwaga vidonge vilivyobaki juu ya meza, akavihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Amemeza kumi," alisema. "Mpaka leo alipaswa kuwa amemeza vitatu."

"Mungu wangu!" Gladys alishika kichwa.

Lakini daktari alikuwa amekwisha kusimama. Uso wake ulikuwa umekunjuka, na mikono yake ilikwenda upesi. Alimwita muuguzi alete dripu. "Basi moyo wake sina wasiwasi nao sana. Dawa imemkausha. Imemtoa maji na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Hizo twaweza kuzirudisha hapa hapa." Aliipasua ile barua vipande viwili akaitupa. Kisha akamtazama Jalila. "Ungenyamaza, tungepoteza siku nzima tukitafuta, naye angeendelea kupewa vidonge hivi. Umefanya vizuri kusema."

"Lakini mimi ndiye niliyemwangusha."

"Ndiyo," daktari alisema bila kupindisha. "Na wewe ndiye uliyetwambia. Yote mawili ni yako. Na sisi pia tuna letu. Dawa ya mtu mzima haifai kuelezwa kwa bahasha ya Kiingereza na kuachiwa mtoto aifafanue. Kuanzia leo Bibi Barke ataelezwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, mpaka aseme ameelewa."

Daktari alisimama kando ya kitanda mpaka dripu ya kwanza ikafika nusu. Gladys alirudi kuangalia nyumba. Jalila alibaki kwenye kibao, magoti pamoja, akiangalia matone yakidondoka moja baada ya moja ndani ya mrija. Muuguzi alikuja kupima presha mara ya kwanza, akaandika, akaondoka. Alikuja mara ya pili akasema, "Inapanda." Alikuja mara ya tatu, wakati adhana ya alasiri ikisikika, akatabasamu. "Sasa ni nzuri. Nyanya yako atalala kwake leo."

Jalila aliinamisha uso magotini. Alilia tena, lakini safari hii kifua chake kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

"Jalila."

Bi Barke alikuwa amefumbua macho. Rangi ya midomo yake ilikuwa imerudi.

"Abee, Nyanya."

"Sogea karibu."

Jalila alisogea, akingojea karipio. Alikuwa tayari kulipokea.

"Kiingereza hukijui?"

"Nakijua kidogo tu, Nyanya. Darasani mimi si wa kwanza. Ni wa mwisho mwisho."

"Na lile godoro? Lafaa?"

"Limebonyea katikati. Mgongo waniuma kila asubuhi."

"Na mchuzi wangu wa papa, siku ile ulipolamba vidole?"

"Chumvi ilizidi, Nyanya. Nilikunywa maji vikombe vinne."

Bi Barke alianza kucheka. Alicheka polepole, halafu kwa nguvu, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni na kumwomba asitikise mkono wenye dripu. Jalila hakuwa amepata kumsikia nyanya yake akicheka.

"Nami nilijua!" Bi Barke alisema, akifuta macho kwa ncha ya leso. "Mchuzi ule hata paka aliukataa. Nikasema moyoni, mtoto huyu ananificha nini? Kila kitu kizuri, kila siku nang'aa kama mwezi. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, nitang'aa na nini? Nikikutazama sikukuona. Niliona maneno tu."

"Nilitaka unipende, Nyanya. Ulisema tutaona mpaka muhula uishe."

Kicheko kilimtoka Bi Barke usoni.

"Kumbe lilikuchoma neno lile," alisema kwa upole. "Sikulisema kwa ubaya. Nilikuwa na hofu kama wewe. Tangu Mansur aondoke sijalea mtoto. Nilisema, labda atanichoka, atataka kurudi. Na mimi pia nimekosa. Nilijua wewe ni mtoto. Ningemwita Gladys anisomee, lakini niliona haya ajue kwamba sijui herufi zile. Haya zangu na haya zako, mwanangu, ndizo zilizonilaza hapa."

Aliunyoosha mkono usio na sindano, na Jalila akaushika.

Waliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya Bi Barke ni kumwagiza Gladys atafute fundi wa magodoro. La pili, alimwomba Jalila amfundishe herufi za shule, moja kila jioni baada ya kushona. Naye Jalila aliomba amfundishe kutia uzi kwenye kofia bila kuupotosha. Hawakuwa na ustadi sawa. Bi Barke alijifunza upesi, lakini kofia ya kwanza ya Jalila ilitoka upande mmoja mrefu kuliko wa pili. "Hii ni mbaya," Bi Barke alimwambia waziwazi. "Fumua, uanze tena." Jalila alifumua bila kununa.

Shuleni alimwendea Mwalimu Oduor wakati wa mapumziko, akamsimulia yote yaliyotokea. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na sentensi yetu?" aliuliza.

Jalila alifungua daftari. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba kusema kweli kulimfanya Jalila apendwe na nyanya yake. Jambo lilikuwepo, mwenye jambo alikuwepo, na kabla ya kumtaja nyanya alikuwa ameliweka lile neno dogo.

Mwalimu Oduor aliipiga alama ya vema. "Nimefundisha neno hili miaka tisa," alisema, "na bado watu wazima wengi wanalikosea. Na si kwenye daftari tu. Sasa, kila usipoelewa neno, utanyoosha mkono?"

"Nitanyoosha, mwalimu. Utachoka."

"Acha nichoke."

Na kweli alinyoosha. Wiki ya kwanza alinyoosha mkono mara nyingi mpaka Munga akamtania. Lakini ilipofika wiki ya tatu Munga naye alikuwa akinyoosha, kwa kuwa aligundua kwamba hata yeye maneno mengi alikuwa akiyabahatisha.

Muhula ulipokwisha, Kahaso alikuja kutoka Voi. Alifika saa nne asubuhi, amechoka kwa safari, na mkononi alikuwa na mfuko mkubwa mtupu wa kutilia nguo za mtoto wake. Alimpigia magoti mkwewe, akamwamkia.

"Nimekuja kumchukua Jalila, Mama, kama tulivyokubaliana," alisema. "Nakushukuru kwa kunihifadhia mtoto. Nimepata mtu Mariakani aliyekubali kukaa naye kwa muda."

"Umpeleke Mariakani afanye nini?" Bi Barke aliuliza. "Hapa pana nini?"

Kahaso alimtazama binti yake, akamtazama tena mkwewe.

"Keti, mwanangu," Bi Barke alisema. Kahaso alikuwa hajawahi kuitwa hivyo na mama huyu. "Keti nikwambie. Mtoto huyu alipokuja alinisifu kutwa kucha, na mimi sikumpenda wala sikumchukia. Sikumjua. Siku niliyompenda ni siku aliyosimama mbele ya daktari akasema jambo la kujiaibisha, ili mimi nipone. Sifa humfurahisha mtu kwa dakika moja. Lakini mtu akikwambia kweli hata inapomgharimu, unajua unaweza kufumba macho naye yuko kando yako. Nami nataka Jalila alijue hilo, na wewe ulijue, na mimi nilijue, maana sote watatu tumekaa miaka tisa tukifichana. Kama mngetaka kunijia, mngekuja. Kama ningetaka kuwaita, ningewaita. Tuliogopana bure."

"Ni kweli, Mama," Kahaso alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Basi mtoto yuko kwao. Na wewe ukipata likizo, uje hapa, si kwingine."

Jalila alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia maneno hayo alitoa pumzi ndefu, akaegemea fremu ya mlango.

Kahaso aliukunja ule mfuko mtupu mara nne, akauweka sakafuni kando ya mkwewe, akaukalia.